Kuziendesha SymPy na NumPy ndani ya PyPy: mwongozo kamili

Programu yako ya hesabu umeiandika kwa Python, majibu yake ni sahihi, ila inakwenda polepole mno. Mtu anakushauri uijaribu kwa PyPy. Unaipakua, unaiendesha, na kabla hesabu hata moja haijafanyika inakujibu:

```
ModuleNotFoundError: No module named 'numpy'
```

Wengi hurudi walikotoka papo hapo. Wengine hung'ang'ana mpaka NumPy, maktaba ya hesabu za safu za namba, ikaingia, kisha wanakuta programu inakwenda polepole kuliko mwanzo na kuhitimisha kwamba sifa za PyPy ni maneno matupu. Njia zote mbili nimezipita. Kilichonikwamua ni kuelewa kwamba kusakinisha ndiyo sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kujua programu yako inavuka mara ngapi mpaka ulioko kati ya Python na C. Tutaanza na usakinishaji kwa sababu bila huo hakuna la kuendelea nalo, lakini tafadhali usiishie hapo.

## Mkalimani mwingine, lugha ile ile

Python ni lugha. Anayeisoma na kuitekeleza ni mkalimani, na wakalimani wake ni zaidi ya mmoja. Unayemkuta ukiandika `python3` kwenye kompyuta nyingi ni CPython, aliyeandikwa kwa lugha ya C. PyPy ni mkalimani mwingine wa lugha hiyo hiyo, aliyeandikwa kwa RPython, yaani Python iliyowekewa mipaka ili iweze kukompailiwa.

Tofauti kubwa iko kwenye utekelezaji. CPython hupitia maagizo ya programu yako moja baada ya jingine, kila mara upya. PyPy huanza hivyo hivyo, lakini huku ikihesabu. Kitanzi kikizunguka mara nyingi vya kutosha (kizingiti chake cha kawaida ni mizunguko 1039), PyPy hurekodi njia ambayo hesabu inapita na kuigeuza kuwa msimbo wa mashine moja kwa moja. Kuanzia hapo kitanzi hicho hukimbia bila kupitia kwa mkalimani. Huyu ndiye kompaila wa papo kwa papo (JIT) anayetajwa sana. Msimbo anaouzalisha hauhifadhiwi kwenye diski. Kila unapoanzisha programu, mashine inaanza tena baridi na lazima ipashwe.

Kwa hiyo programu ya sekunde moja haitafaidika sana na PyPy, na pengine itachelewa. Ya dakika kumi yenye vitanzi vingi ndiyo mahali pake.

## Chunguza maktaba kabla ya kugusa chochote

Maktaba za hesabu za Python ziko za aina mbili, na aina ndiyo inayoamua safari yako itakuwaje.

Aina ya kwanza ni zilizoandikwa kwa Python tupu. SymPy, ya hesabu za alama, ni mojawapo. mpmath, ambayo SymPy huitegemea kwa namba zenye tarakimu nyingi, nayo ni Python tupu. Hizi PyPy huzisoma kama inavyosoma msimbo wako mwenyewe.

Aina ya pili ni zenye moyo wa C: NumPy, SciPy, pandas, gmpy2. Sehemu ya Python ni ngozi tu, na kazi nzito inafanyika ndani ya mafaili yaliyokompailiwa. Kuijua aina ya maktaba ni rahisi. Nenda kwenye mazingira yako ya CPython ambako tayari imesakinishwa, uandike:

```
python3 -m pip show -f numpy | grep "\.so"
python3 -m pip show -f sympy | grep "\.so"
```

(Kwenye Windows tafuta `.pyd` badala ya `.so`.) NumPy itakumiminia orodha ya mafaili. SymPy haitakupa kitu, na kimya hicho ndicho unachokitaka.

Kwa nini C iwe tatizo? Msimbo wa C uliotengenezwa kwa ajili ya CPython unaamini mambo mawili. La kwanza, kwamba kila objekti ina kihesabio ndani yake kinachosema inashikwa na wangapi, na kikifika sifuri objekti inafutwa hapo hapo. La pili, kwamba anwani ya objekti kwenye kumbukumbu haibadiliki. PyPy haina hata moja kati ya haya. Haihesabu washikaji. Ina mkusanya taka anayepita kila baada ya muda, na akipita anaweza kuzihamisha objekti ili kubana nafasi.

Ili maktaba za C zifanye kazi, PyPy ina tabaka linaloitwa cpyext. Kila objekti inapotoka upande wa Python kwenda C, cpyext huitengenezea wakala: kitu kidogo kinachotulia mahali pamoja na chenye kihesabio, ili C isione tofauti. Ikirudi, wakala lazima aunganishwe tena na objekti yake. Mbinu hiyo inafanya kazi vizuri, lakini kila uvukaji una gharama. Nakuomba uikumbuke hiyo gharama, tutairudia.

Watengenezaji wa PyPy waliwahi kujaribu njia nyingine kabisa, ya kuiandika NumPy upya ndani ya PyPy. Jaribio hilo liliitwa NumPyPy. Maktaba kubwa namna ile inayobadilika kila toleo ni mzigo mzito kuifukuzia, na mwishowe waliiweka kando wakaelekeza nguvu kwenye kuifanya NumPy halisi ipite kupitia cpyext. Ukikutana na maelekezo ya zamani yanayokutaka usakinishe NumPyPy, yaache.

## Kuipata PyPy na kuitengea chumba chake

Kwenye Linux njia ninayoipenda ni kuchukua faili la tar kutoka pypy.org. Halihitaji kusakinishwa: unalifungua tu na linafanya kazi popote ulipoliweka. Mfano huu unatumia toleo 7.3.20 linaloelewa Python 3.11. Kama kuna jipya zaidi, chukua hilo.

```
mkdir -p ~/zana && cd ~/zana
wget https://downloads.python.org/pypy/pypy3.11-v7.3.20-linux64.tar.bz2
sha256sum pypy3.11-v7.3.20-linux64.tar.bz2
tar xf pypy3.11-v7.3.20-linux64.tar.bz2
```

Linganisha namba ya `sha256sum` na iliyochapishwa kwenye ukurasa wa pypy.org/checksums.html. Inachukua nusu dakika, ifanye.

Kwenye macOS, mfumo unaweza kuzuia faili lililopakuliwa kwa kivinjari. Liondolee kizuizi kwa `xattr -r -d com.apple.quarantine` ukifuatisha jina la folda. Anayetumia pyenv naye anaweza kuandika `pyenv install` na jina la toleo la PyPy analolitaka.

Kisha tengeneza mazingira pepe yanayojitegemea. Usiichanganye PyPy na CPython ndani ya mazingira mamoja.

```
~/zana/pypy3.11-v7.3.20-linux64/bin/pypy3 -m venv ~/mazingira/hesabu-pypy
source ~/mazingira/hesabu-pypy/bin/activate
unset PYTHONPATH
python -m pip install -U pip
python -c "import platform, sys; print(platform.python_implementation(), sys.pypy_version_info)"
```

Lazima uone neno `PyPy`. Ukiona `CPython`, mazingira hayajaamka.

Mstari wa `unset PYTHONPATH` si pambo. Niliwahi kupoteza siku nzima kwa sababu ya kigezo hicho: kilikuwa kimeelekezwa kwenye folda ya vifurushi vya CPython, PyPy ikaiona NumPy iliyokompailiwa kwa mkalimani mwingine, ikajaribu kuiingiza, ikashindwa kwa ujumbe mrefu unaolalamikia `_multiarray_umath`. Mafaili ya C ya CPython hayasomeki na PyPy hata kama toleo la Python ni lile lile. Majina yenyewe yanaonyesha: la PyPy lina maneno kama `pypy311-pp73` ndani yake, la CPython lina `cpython-311`. Ukikutana na kosa la `_multiarray_umath`, kabla ya kufanya jambo jingine lolote angalia `sys.path` na jina la faili.

## Anza na SymPy

Hata kama shida yako ni NumPy, nakushauri uanze hapa. SymPy ikifanya kazi, unajua PyPy yako ni nzima, na lolote litakalokwama baadaye ni la upande wa C.

```
python -m pip install sympy
```

Mpmath itakuja yenyewe. Sasa jaribu:

```python
from sympy import symbols, integrate, exp, oo, factor
from mpmath import mp

x = symbols('x')
print(integrate(exp(-x**2), (x, -oo, oo)))
print(factor(x**6 - 1))
mp.dps = 50
print(mp.pi)
```

Majibu yanayotakiwa ni `sqrt(pi)`, kisha `(x - 1)*(x + 1)*(x**2 - x + 1)*(x**2 + x + 1)`, kisha `3.1415926535897932384626433832795028841971693993751`.

Utagundua kwamba uingizaji wa SymPy mara ya kwanza unachukua muda kuliko ulivyozoea. Ni maktaba kubwa na mashine bado ni baridi. Kwa mtu anayefungua kipindi kifupi cha kufanya hesabu mbili tatu za alama na kufunga, CPython inabaki kuwa chaguo bora. Faida ya PyPy inaonekana pale unapozungusha usemi ule ule mara maelfu: kurahisisha orodha ndefu, kupanua matriki ya alama, kutafuta mizizi ya familia nzima ya polinomia.

Angalia pia mpmath inatumia nini chini yake:

```python
import mpmath
print(mpmath.libmp.BACKEND)
```

Ikisema `python`, hesabu za namba kubwa zinafanywa na namba kamili za PyPy zenyewe. Ikisema `gmpy`, zinapitia gmpy2 ambayo ni ya C. Kwenye CPython gmpy2 kwa kawaida ni baraka. Kwenye PyPy, kila kuzidisha kunakuwa safari ya kuvuka mpaka, hivyo kwa namba za tarakimu makumi kadhaa ningebaki na `python`. Unaweza kuilazimisha kwa kuweka `MPMATH_NOGMPY=1` kwenye mazingira kabla ya kuanzisha programu, na kwa SymPy `SYMPY_GROUND_TYPES=python`.

Jambo moja la kujihadhari: SymPy hujiita yenyewe kwa kina inapokabiliana na usemi wenye matawi mengi. Kwenye PyPy, `sys.setrecursionlimit(n)` haiweki idadi kamili ya miito. Inakadiria ukubwa wa staki (sehemu ya kumbukumbu inayotunza miito inayoendelea) kwa kuzidisha n mara baiti 768. Kosa la `RecursionError` linaweza kutokea mahali ambapo CPython ilipita. Ongeza n, lakini kwa hatua.

## NumPy: chukua iliyokompailiwa, au ijenge

Kwanza tazama kama kuna faili la `.whl`, yaani kifurushi kilichokompailiwa tayari, lililotengenezwa kwa ajili ya mkalimani wako. Amri hii inakuonyesha lebo ambazo pip yako inazikubali:

```
python -m pip debug --verbose | grep pypy
```

Utaona lebo kama `pp311-pypy311_pp73-manylinux...`. Sehemu ya `pp73` ni toleo la muundo wa C wa PyPy, na lazima iafikiane na faili. Sasa sakinisha kwa kuikataza pip kujenga chochote:

```
python -m pip install --only-binary=:all: numpy
```

Uzuri wa `--only-binary=:all:` ni kwamba pip itarudi nyuma yenyewe mpaka ipate toleo la NumPy lenye faili tayari kwa PyPy yako. Bila bendera hiyo, itachukua toleo jipya kabisa, ikose faili lake, kisha ianze kulijenga kutoka chanzo bila kukuuliza. Toleo la zamani kidogo linalofanya kazi leo lina thamani kuliko jipya linalokulaza macho.

Ikishindikana kabisa, au ukihitaji toleo mahususi, basi jenga. Kwenye Debian na Ubuntu:

```
sudo apt install build-essential pkg-config libopenblas-dev
python -m pip install --no-binary numpy numpy
```

Tangu toleo 1.26, NumPy hujengwa kwa Meson, na pip huvuta zana za ujenzi (Meson, Ninja na Cython) yenyewe. Ujenzi huchukua muda kuliko kwenye CPython, kwa sababu Cython nayo inaendeshwa na PyPy iliyo baridi. Ukikuta kosa la kukosekana kwa `Python.h`, huenda PyPy yako ilitoka kwenye hazina ya mfumo wa uendeshaji, ambako mafaili ya vichwa huwekwa kwenye kifurushi tofauti. Kwenye Debian kinaitwa `pypy3-dev`. Faili la tar la pypy.org huja navyo tayari.

OpenBLAS, maktaba ya hesabu za haraka za matriki, isipopatikana, NumPy inaweza kujengwa na hesabu zake za ndani za matriki, zilizo polepole zaidi, bila kupiga kelele. Usikubali hilo bila kujua. Thibitisha:

```python
import numpy as np
np.show_config()
print(np.linalg.solve([[3, 1], [1, 2]], [9, 8]))
```

Jibu ni `[2. 3.]`, na kwenye taarifa ya mipangilio tafuta jina la BLAS (maktaba ya aina hiyo) iliyotumika. Ukitaka uhakika zaidi, sakinisha `pytest` na `hypothesis`, kisha uendeshe `np.test()`. Ni majaribio mengi, yaache yaendelee ukifanya kazi nyingine.

Na SciPy? Inahitaji pia kompaila ya Fortran, na ujenzi wake ni mrefu kuliko wa NumPy kwa mbali. Maoni yangu ni kwamba kama unachotaka SciPy ni kitendakazi kimoja au viwili, viandike upya kwa Python tupu. Kwenye PyPy, kitanzi ulichokiandika kwa mkono mara nyingi kitakutosha. Kama unaihitaji kwa upana, soma sehemu ya mwisho ya mwongozo huu kabla hujaanza kujenga.

## Mpaka kati ya Python na C

Hapa ndipo penye kiini. Tazama msimbo huu, ambao ungeweza kuwa wako:

```python
import numpy as np

def jumla_ya_miraba(a):
    s = 0.0
    for i in range(len(a)):
        s += a[i] * a[i]
    return s

a = np.arange(1_000_000, dtype=np.float64)
print(jumla_ya_miraba(a))
```

Kwa PyPy, hiki ni kitanzi kizuri cha kukompaili, isipokuwa `a` inakaa upande wa C. Kila `a[i]` ni uvukaji, jibu lake ni objekti ya NumPy inayohitaji wakala, na kuzidisha ni uvukaji mwingine. Kwa vipengele 1,000,000 unavuka mpaka mara milioni kadhaa. Kompaila wa papo kwa papo haoni ndani ya C. Kwake kila mwito ni mlango uliofungwa. Hii ndiyo sababu watu husakinisha NumPy vizuri kabisa na bado wanaona programu ikitambaa.

Dawa ni mbili, na unachagua kulingana na hesabu. Ama uvuke mara moja na kufanya kazi yote upande wa pili:

```python
s = float(np.dot(a, a))
```

Ama ulete data yote upande wa Python mara moja, ubaki huko:

```python
s = 0.0
for v in a.tolist():
    s += v * v
```

Njia ya pili huwashangaza waliozoea CPython, ambako wamefundishwa miaka yote kuogopa vitanzi. Kwenye PyPy orodha yenye namba za desimali pekee huhifadhiwa kama namba tupu zilizopangana kwenye kumbukumbu, bila kila moja kufungwa ndani ya objekti yake. Kitanzi juu ya orodha kama hiyo hugeuka msimbo wa mashine ulio safi. Lakini ukiingiza `None` moja au neno moja katikati, mpangilio huo unavunjika na kila namba inafungwa upya. Weka orodha zako za aina moja.

Je, usichotaka ni kunakili? Tumia `array.array`, ambayo PyPy inaijua kwa ndani, kisha uipe NumPy dirisha juu ya kumbukumbu ile ile:

```python
from array import array
b = array('d', [0.0]) * 1000
n = np.frombuffer(b)
b[0] = 7.5
print(n[0])
```

Ukiona `7.5`, vitu viwili vinashirikiana kumbukumbu moja. Jaza na usome kupitia `b` ndani ya vitanzi, na utumie `n` unapotaka hesabu nzito za safu nzima. Mradi `n` ipo, usiongeze wala kupunguza urefu wa `b`.

Kuna mtego mwingine ambao sijawahi kuona mtu akionywa mapema, na unawahusu hasa wanaotumia SymPy. Kitendakazi cha `lambdify` hugeuza usemi wa alama kuwa kitendakazi cha Python. Kama NumPy haijasakinishwa, hutumia `math`. Mara tu NumPy ikiwepo kwenye mazingira, `lambdify` huichagua NumPy yenyewe. Maana yake ni kwamba programu yako ya SymPy iliyokuwa ikikimbia jana inaanza kujikokota leo kwa sababu tu umesakinisha maktaba nyingine pembeni, bila kubadilisha mstari hata mmoja. Itaje wazi:

```python
from math import pi
from sympy import symbols, sin, exp, lambdify

x = symbols('x')
f = lambdify(x, sin(x) * exp(-x), 'math')

def eneo(f, n):
    h = pi / n
    s = 0.0
    for k in range(n):
        s += f((k + 0.5) * h)
    return s * h

print(eneo(f, 5_000_000))
```

Jibu kamili ni nusu ya 1 + e⁻ᵖ, ambapo p ni pai, yaani karibu 0.5216069591. Sasa badilisha `'math'` iwe `'numpy'` na uendeshe tena. Tofauti ya muda utakayoiona, bila kugusa kitanzi, ndiyo gharama ya mpaka ikiwa imewekwa mezani. Na huu ndio mchanganyiko ninaoupenda kuliko yote kwenye PyPy: SymPy inatengeneza fomula, `lambdify` yenye `'math'` inaigeuza Python tupu, kompaila anaimeza yote.

## Yanayobadilika kimya kimya

Kwa kuwa PyPy haihesabu washikaji, kuna mazoea ya CPython yanayovunjika bila ujumbe wowote. `open('matokeo.txt', 'w').write(s)` kwenye CPython hufunga faili papo hapo. Kwenye PyPy faili linaweza kubaki tupu mpaka mkusanya taka apite. Tumia `with` kila mahali, hata kwa mafaili ya `.npz` unayoyafungua kwa `np.load`. Hata `np.nditer` inayoandika juu ya safu inapaswa kutumiwa ndani ya `with`, ili matokeo yarudishwe kwenye safu kwa wakati unaojulikana.

Safu kubwa nazo hazifi mara jina lake linapofutwa. Kama programu yako inatengeneza safu za muda ndani ya kitanzi, kumbukumbu inaweza kuvimba. Tumia kigezo cha `out=` ili safu moja itumike tena na tena, na mwisho wa kila hatua kubwa uite `gc.collect()`. Unaweza pia kuweka dari kwa `PYPY_GC_MAX=4GB` kwenye mazingira.

Mengine kwa haraka. `a.resize(...)` itakataa mpaka uipe `refcheck=False`. `sys.getsizeof` inatoa `TypeError`, kwa hiyo kwa safu tumia `a.nbytes`. Kujenga maandishi marefu kwa `s += ...` ndani ya kitanzi ni polepole sana, kwa hiyo kusanya vipande kwenye orodha kisha `''.join`. Nyuzi hazitakuongezea kasi ya hesabu za Python, kwa sababu PyPy nayo ina kufuli kuu (GIL) linaloruhusu uzi mmoja kwa wakati, kama CPython ya kawaida.

## Kupima bila kujidanganya

Ukiendesha `timeit` kwenye PyPy, yenyewe inakuonya kwamba haiaminiki na inakuelekeza kwenye pyperf, zana nyingine ya kupimia kasi. Ni onyo la haki. Mizunguko ya mwanzo ni ya mashine baridi, na kipimo kifupi hupima upashaji badala ya kazi. Kwa uchunguzi wa kila siku mimi hurudia kazi nzima mara kadhaa ndani ya programu moja na kuchapisha muda wa kila raundi:

```python
from time import perf_counter

def mlolongo(n):
    hatua = 0
    while n != 1:
        n = n // 2 if n % 2 == 0 else 3 * n + 1
        hatua += 1
    return hatua

for raundi in range(5):
    t = perf_counter()
    jibu = max((mlolongo(i), i) for i in range(1, 1_000_000))
    print(raundi, jibu, round(perf_counter() - t, 2))
```

Jibu la kila raundi ni `(524, 837799)`: chini ya milioni moja, namba 837799 ndiyo inayochukua hatua nyingi zaidi kufika 1. Endesha faili hilo hilo kwa CPython na kwa PyPy. Kisha kwa PyPy ukiwa umemzima kompaila, `pypy3 --jit off faili.py`, uone ni kiasi gani cha kasi kinatoka kwake. Majibu yakitofautiana baina ya wakalimani, simama hapo kwanza. Kwa namba za desimali linganisha kwa `np.allclose`, maana BLAS mbili tofauti zinaweza kujumlisha kwa mpangilio tofauti na kuachana kwenye tarakimu za mwisho.

## Wakalimani wawili kwenye kazi moja

Kuna programu ambazo haziwezi kuhamia PyPy nzima nzima: zinahitaji SciPy kwa upana, au maktaba ya michoro, au kitu kingine cha C ambacho hakijengeki. Usilazimishe. Igawe kazi. Sehemu yenye vitanzi virefu vya Python iweke kwenye faili lake na uiendeshe kwa PyPy, nyingine iache CPython. Mafaili ya `.npy` yanasomeka na NumPy ya pande zote mbili:

```python
# hatua1.py, kwa CPython
np.save('data.npy', data)

# hatua2.py, kwa PyPy
orodha = np.load('data.npy').tolist()
```

Na juu kabisa ya `hatua2.py` weka mistari hii, ili mtu mwingine asije akaiendesha kwa mkalimani asiye wake na kusubiri saa nzima bila kujua kwa nini:

```python
import sys
if sys.implementation.name != 'pypy':
    sys.exit('Faili hili liendeshwe kwa PyPy: tumia mazingira ya hesabu-pypy')
```